Sufuria ya Siku Sabini na Moja

Nyumba ya Pélagie pale Hagsätra, kusini mwa Stockholm, ilikuwa na kengele ya mlango iliyokufa kwa kubonyezwa sana, na tangu ife watu waligonga mara moja tu wakaingia. Ukitaka kujua nani kapewa karatasi za kukaa, nani kamkimbia mumewe Jordbro, na nani kajifungua mtoto asiyefanana na baba yake, ulipanda ghorofa ya tatu, ukavua viatu, ukasogeza makoti ya wenzako na kutafuta pa kukaa. Chai ilikuwapo, maandazi yalikuwapo, na umbea ulikuwa wa moto kuliko vyote viwili.

Jambo moja tu halikuzungumzwa humo. Ukutani, juu ya televisheni, palikuwa na picha ya Firmin, mume wa Pélagie, amevaa shati la mistari. Haikuwekewa ua wala kitambaa cheusi. Mgeni mpya akiuliza, "Na huyu baba yuko wapi?" wenyeji walitazama vikombe vyao.

Firmin alikuwa mwalimu kule Uvira, na jioni jioni aliandika kwenye daftari majina ya watu waliokamatwa na wanajeshi walioushika mji. Agosti ya mwaka 2000 wakamkamata yeye mwenyewe, na daftari lake. Kuanzia kesho yake Pélagie alimpelekea chakula kambini kila siku, maana mfungwa wa kule hula kinachotoka kwao. Getini askari walimlazimisha aonje kwanza mbele ya macho yao, eti mfungwa asije akalishwa sumu. Sufuria iliingia ndani, ikakaa, ikarudi imekombwa safi. Siku sabini na moja. Siku ya sabini na mbili wakamwambia hapa hakuna mtu wa jina hilo, wala hajawahi kuwapo.

Mkubwa wa kambi ile aliitwa Komanda Évariste. Pélagie hakuwahi kumwona uso. Alimsikia tu akicheka nyuma ya ukuta.

Sasa ilikuwa Oktoba 2005, na Callixte, mwenyekiti wa chama cha Wakongomani wa Stockholm, mtu wa suti na kadi za mwaliko, alimpigia Pélagie simu kwa sauti ya sherehe.

"Mama Emma, nakuletea heshima. Kuna maofisa watatu kutoka nyumbani. Si unajua sasa ni serikali ya mpito, waasi na jeshi wamechanganywa wawe kitu kimoja. Waswidi wamewaalika kozi ya wiki mbili, haki za binadamu. Maskini wamechoka na viazi vya kuchemsha. Jumamosi mchana uwapikie."

"Ni akina nani?"

"Makapteni wawili vijana, na mkubwa wao, Kanali Évariste."

Pélagie alihamishia simu sikio la pili.

"Waje," akasema. "Lakini waje hapa kwangu, siyo ukumbini."

Aliyeambiwa ukweli ni mmoja tu, Stellah, Mkenya wa Jordbro aliyefanya kazi ya kutunza wazee, rafiki wa kuazimana koti. Jumamosi asubuhi alikuja kusaidia kutwanga karanga, na hakutwanga hata dakika tano.

"Pélagie, hebu niangalie. Huyo mtu humwekei kitu kwa chakula?"

"Kwenye chakula changu mimi? Watu watasema sijui kupika."

"Mimi sichezi. Twende polisi."

"Tukawaambie nini? Kwamba nilimsikia mtu akicheka?" Pélagie alikuwa anapasua pakiti ya sombe, kisamvu kilichoganda, ile ya duka la Hjulsta. "Mimi nataka siku tu, Stellah. Siku aliyokufa. Mama yake amekataa matanga miaka mitano. Anasema, nitamliliaje mwanangu bila siku? Ningekuwa na siku, angekubali. Na huyu Emmanuella shuleni anajaza fomu, anaandika baba yuko safarini. Safari gani hiyo?"

"Na akikataa kusema?"

"Basi atakuwa amekula bure."

Sombe alipika sufuria mbili. Ile kubwa ya watu wote, na ndogo ya pembeni ambayo aliikatia ndizi changa vipande vyembamba. Majirani wa Uvira walimcheka kwa ndizi zile, nani anatia ndizi kwenye sombe? Lakini Firmin alilelewa hivyo na mama yake, na kila alipokula aliacha vipande viwili chini ya sahani kwa ajili ya Emmanuella. Hata akiwa na njaa ya namna gani, viwili alibakisha. Kutoka kambini, tangu siku ya kwanza, havikubaki. Pélagie aliliona hilo siku ileile akajiambia njaa ya jela si njaa ya nyumbani, na kesho yake akaongeza ndizi.

Mchana watu walikuwa hawana pa kukanyaga. Nani angekosa kumwona kanali? Pélagie alitarajia sura ya kutisha, akapata mzee wa miaka hamsini hivi, mikono laini, miwani inaning'inia kifuani, aliyewauliza watoto majina akayakumbuka. Alipovua viatu, kidole gumba cha mguu wa kushoto kilichungulia kwenye soksi. Wanawake wakamwonea huruma.

Pélagie alifungua chupa ya bia mbele yake, akajimiminia kidogo, akanywa, ndipo akammiminia mgeni. Kwao ndivyo bia inavyopokelewa, mwenye nyumba akiwa wa kwanza.

"Umelelewa vizuri, mama," akasema Kanali.

"Kanali, Uvira unakujua?"

"Kwa kupita tu. Vita vyote nilikuwa kule milimani."

Callixte akasimama kuhutubia. Alisema jeshi jipya, alisema ukurasa mpya, alisema Kanali ameacha familia yake aje kujifunza ili yale yasirudi tena. Kanali akaitikia kwa kichwa.

"Yale yalikuwa mambo ya vijana wasiosoma," akasema. "Sisi tunasoma. Mwalimu wetu ni binti wa Kiswidi, mdogo hivi, lakini mkali. Ametuandikia ubaoni kwamba mfungwa ni mtu."

Watu wakapiga makofi. Stellah, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, hakupiga.

Watu wote walijipakulia mezani. Sahani ya Kanali ilitoka jikoni imeshapakuliwa, kama inavyomstahili mkubwa, na Pélagie akaiweka mapajani mwake, akavuta kigoda akaketi karibu. Kanali alimega fufu, akachovya, akatafuna. Akachovya tena. Akafumba macho.

"Ndizi," akasema. "Mama, ndizi ndani ya sombe. Hii nimekula mahali pamoja tu maishani mwangu. Kulikuwa na mama mmoja akituletea kila siku. Vijana wangu wa getini walikuwa wanagombania sufuria, nikasema hapana, hiyo ije kwangu."

"Alikuwa anawaletea ninyi?"

"Alikuwa anadhani..." Kanali akaishia hapo.

Mkono wake, na tonge ndani yake, ulisimama kati ya sahani na mdomo. Upande wa pili wa sebule makapteni wake walikuwa wanabishana na vijana wa Kikenya habari za mpira, na kicheko kilikuwa kikubwa. Kanali alitazama sufuria ya mezani, sombe ya kijani tupu. Akatazama sahani yake. Akamtazama mwenye nyumba, halafu ukutani, mtu mwenye shati la mistari.

"Chakula hiki wengine hawakupewa?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Hicho ni chako peke yako."

"Hukukionja."

"Bado."

"Ninaomba uonje, mama."

"Nilionja mara sabini na moja," akasema Pélagie. "Getini kwako, nimesimama, mtoto wangu ameshika kifuniko. Leo nitaonja ukiniambia kitu kimoja. Firmin alikufa siku gani?"

Callixte, aliyekuwa ameketi bega kwa bega na Kanali, alisikia kila kitu. "Mama Emma, jamani, mgeni..."

"Callixte, kula."

"Simjui Firmin," akasema Kanali.

"Sawa. Basi endelea kula."

Hakuendelea. Aliweka tonge ukingoni mwa sahani, taratibu, kama mtu anayeweka yai. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Kiganja chake kikaenda tumboni kikatulia hapo, na Pélagie akaketi na mikono yake mapajani, akamngoja. Alikuwa amezoea kungoja. Pale getini alingoja juani saa nzima ili arudishiwe sufuria, na akashukuru.

"Mwalimu," akasema Kanali mwishowe, na ilikuwa sauti ya mtu anayemjibu karani dirishani. "Yule mwenye daftari. Ni ile Alhamisi."

"Alhamisi ipi?"

"Aliyoletwa. Hakufika asubuhi. Onja sasa."

Sufuria ya kwanza ilikwenda Ijumaa.

Pélagie alichukua sahani mapajani mwa Kanali. Hakuonja, alikula. Alimega, akachovya, akameza, ndizi moja baada ya nyingine, na Kanali akimtazama koo. Alipomaliza alipangusa sahani kwa tonge la mwisho mpaka ikang'aa.

"Chumvi imepungua," akasema.

Kanali akaomba koti lake, akatoka na makapteni wake na Callixte.

Hata lifti haijafika chini, Stellah alikuwa ameshaambiwa, na akishaambiwa Stellah nyumba nzima imeshajua. Hakuna mwingine aliyeondoka. Wanaume walisukuma meza ukutani. Mtu alishusha picha ya Firmin akaisimamisha juu yake, mwingine akatafuta mshumaa. Waliokuja kumwona kanali wakaketi chini kulia msiba, na simu zikapigwa mpaka watu wakaanza kupanda ngazi na viti vya kukunja mikononi. Pélagie alilia kwanza kwa sauti ya kawaida, halafu kwa sauti ambayo Emmanuella hakuwahi kuisikia, na wanawake wakamshika.

Ilipokaribia jioni Callixte akarudi. Alisimama mlangoni na suti yake, hajui kama anaruhusiwa. Kisha akavua viatu.

"Amenifanya nimpeleke akuten," akasema, akimaanisha mapokezi ya dharura ya hospitali. "Anamwambia nesi nimelishwa sumu. Nesi anauliza unaumwa wapi? Anasema bado siumwi. Wakampa glasi ya maji wakamwambia akae, angoje zamu yake. Mbele yake kuna watu kama ishirini, mmoja ameumwa na mbwa."

Mtu akaguna, mwingine akashindwa, na kicheko kikavunjika sebuleni, kile cha matangani, cha machozi yakiwa bado mashavuni. Pélagie naye alicheka, ameshika ubavu.

"Na kozi?" Stellah akauliza.

"Inaisha Jumatano. Watapewa vyeti."

Kicheko kikaisha.

Emmanuella, miaka kumi na minne, ndiye aliyeipata laini ya Uvira. Alimpa mama yake simu, na Pélagie akamwambia mkwewe ile siku, Alhamisi, tarehe kumi na saba Agosti. Bibi kizee hakulia mara moja. Alirudia tarehe mara mbili, kama anayeifunga kwenye pindo la kitenge.

"Vema," akasema. "Sasa nina siku. Na wamemlaza wapi?"

Pélagie alikitazama kile kigoda alichokalia mchana.

Alikuwa na Kanali mbele yake, jasho linamtoka, angemjibu lolote, na yeye alimuuliza siku tu. Miaka mitano alikuwa ameifikiria siku peke yake. Mahali hakukumbuka.

"Mama," akasema, "nitakupigia."

Aliingia jikoni. Ile sufuria ndogo ilikuwa bado na chakula chini, na ndizi zake. Aliwasha jiko, akaipasha, akatandaza kitambaa cha maua, akaanza kuifunga mafundo manne kama alivyokuwa akiifunga kule.

"Pélagie, unakwenda wapi na nyumba imejaa watu?" Stellah alikuwa nyuma yake.

"Amesema watu ishirini mbele yake. Bado yuko pale anangoja."

"Hatakula tena chakula chako."

"Nitaonja."

Stellah alimtazama, kisha akaenda kutafuta funguo za gari chini ya rundo la makoti. Emmanuella, ambaye humjibu mama yake kwa Kiswidi hata akiulizwa jina, alikuwa amesimama mlangoni, ameyasikia yote. Kifuniko kilikuwa kimesahaulika kando ya sinki. Akakichukua, akakifuta, akawafuata kwenye lifti.