Kapeti la Upande wa Dereva

Hyasinta alikuwa fundi wa kava za siti na makapeti ya gari pale Karatu mjini. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya kituo cha mafuta, mahali ambapo madereva wa watalii husimama kabla ya kupanda Ngorongoro. Kazi hiyo alikuwa nayo mwaka wa tisa. Alishona nadhifu, hakuchelewesha kazi ya mtu, na hakuwa na maneno mengi.

Jumamosi ile Remigius alimpitia saa mbili asubuhi. Walikuwa wanakwenda Baray, kwenye kipaimara cha Eva, binti wa dada yake Remigius. Hyasinta ndiye aliyekuwa msimamizi wa Eva. Siti ya nyuma alikaa mama yake Remigius, Mama Selestina, amelishika boksi la keki mapajani kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

"Kaa mbele, fundi," Remigius alisema. "Uone kazi yako inavyopendeza."

Ilipendeza kweli. Makapeti meusi yenye ukingo wa njano, alikuwa amemwekea Jumatano tu. Remigius alikuwa mkuu wa madereva katika kampuni moja ya utalii, na Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya kuanza kumletea magari ya kampuni yote, moja baada ya jingine. Hyasinta hakuwahi kupata kazi kubwa namna ile.

Waliacha lami, wakashika barabara ya vumbi. Gari lilianza kutetemeka juu ya matuta madogo madogo. Hapo ndipo Hyasinta alipotupa macho chini na kuona kapeti la dereva limesogea. Kidogo tu, kama upana wa kidole. Remigius alipofunga breki kumpisha mwenye punda, likasogea tena. Ukingo wa njano sasa ulikuwa umeigusa pedali ya mafuta.

Alijua sababu. Sakafu ya gari lile ilikuwa na kulabu mbili chini ya miguu ya dereva, na kapeti hutakiwa kuwa na matundu mawili yanayoingia kwenye kulabu hizo, lisiende popote. Lakini ringi za kuimarishia matundu zilikuwa zimemwishia miezi miwili iliyopita, na duka la Arusha lilimwambia asubiri. Hakusubiri. Aliendelea kukata bila matundu. Halafu akaacha ile raba yenye meno ya kushika sakafu, akahamia sponji nene, laini, kwa sababu wateja walipenda kukanyaga kitu kinachobonyea. Alijiambia kwamba uzito wa miguu utalishikilia.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo, dereva mmoja aitwaye Kimaren, anayeshusha wageni kwenye kreta ya Ngorongoro, alikuja kibandani na kapeti lake limekunjwa kwapani.

"Fundi, jana nikishuka kreta hii kitu imepanda juu ya pedali. Nilikuwa na wageni wanne."

"Uliilaza vibaya," Hyasinta alimjibu, akampa kipande cha gundi ya pande mbili. Kimaren alimtazama, akatazama gundi, akaondoka. Tangu siku hiyo Hyasinta alikuwa akimkumbuka kila aliposhika mkasi, na bado alikata.

Sasa Remigius naye alishaona. Alilisukuma kapeti nyuma kwa kisigino.

"Dada Hyasinta, mbona kapeti lako linatembea?"

"Ni jipya," alijibu. "Litakaa."

Maneno yalitoka haraka kuliko alivyofikiri. Baada ya kuyasema aliona hawezi tena kuyarudisha. Angesema nini? Kwamba litakaa, lakini asimame alitoe? Alishika mkanda wa siti na kuendelea kuangalia chini. Mama Selestina alikuwa anasimulia kuhusu vitunguu vya Baray vilivyoharibiwa na maji mwaka ule. Hyasinta alikuwa anaitikia, "Pole, mama," bila kusikia.

Kapeti likasogea tena.

"Kaka Remi, naomba tusimame kidogo. Nijisaidie."

Alitegemea Remigius naye atashuka kunyoosha miguu, ili yeye awahi kurudi garini na kulivuta kapeti nje, aseme lina mchanga. Remigius alisimamisha gari, lakini hakuzima injini wala hakutoka. Hyasinta alienda nyuma ya kichaka akasimama tu pale, mikono kiunoni, akitafuta namna ya kusema. Akaipata. Angesema amesahau kuweka kitu, kwamba kapeti la upande wa dereva halijakamilika, alitoe mpaka Jumatatu. Haikuwa kweli yote, lakini ilitosha.

Aliporudi, Remigius alikuwa anaongea na simu.

"Ndiyo bosi, niko naye hapa hapa. Kazi safi, utaona mwenyewe. Subiri." Akampa simu. "Bosi anataka kukusalimia."

"Shikamoo, mzee," Hyasinta alisema. Sauti ya upande wa pili ilimsifu, ikamwambia watu wenye kazi ya uhakika siku hizi ni wachache. "Ahsante sana, mzee," alisema. Akafunga mlango, akafunga mkanda, na gari likaondoka. Ile sentensi yake hakuisema. Kila walipopita kona alijiambia, baada ya hii nitasema. Kona zikaisha. Kioo kilikuwa kimefungwa kwa ajili ya vumbi, na ndani ya gari kulikuwa na joto. Aliona anakosa hewa.

Walifika kwenye korongo kavu, kabla ya mteremko mrefu unaoshuka Baray, upande wa ziwa. Gari lilishuka korongoni, na ili kupanda upande wa pili Remigius alikanyaga mafuta mpaka mwisho. Gari likanguruma, likapanda, likatokea juu. Akainua mguu.

Mngurumo wa injini haukupungua.

Hyasinta alikuwa anaangalia. Aliona ukingo mnene wa njano umelala juu ya pedali, umeikandamiza chini kabisa. Mbele yao mteremko ulikuwa umenyooka, na kutoka bondeni lori la vitunguu lilikuwa linapanda taratibu, limejaa hadi juu ya bodi.

"Nini hii?" Remigius alisema. Alikanyaga breki kwa nguvu zote. Gari lilipungua kidogo, likavutana na injini yake lenyewe, likaendelea. "Nini hii? Nini hii?"

"Yesu na Maria," Mama Selestina alisema.

"Weka nyutro!" Hyasinta alipiga kelele. "Remi, nyutro!"

Remigius alisukuma gia mbele. Injini ililia kama mashine ya kusaga isiyo na mahindi, lakini magurudumu yaliacha kusukumwa. Mwendo ulikuwa bado mkubwa. Alikata kushoto, gari likaingia mtaroni, likasugua ukuta wa udongo kwa ubavu mzima, mawe yakigonga chini, likasimama limelalia upande wa Hyasinta. Remigius alizima gari kwa ufunguo. Lori la vitunguu liliwapita barabarani na vumbi lake, likaanza kusimama nyuma yao.

Mlango wa Hyasinta ulikuwa umebanwa na ukuta, na kioo kilichovunjika kilimwaga udongo begani mwake. Remigius alikuwa ananing'inia kwenye mkanda juu yake, mguu wa kulia umenasa chini, hawezi kuuvuta. Nyuma, Mama Selestina alikuwa ameangukia mlango wa kushoto, mkono mmoja chini yake. Keki ilikuwa imempaka hadi shingoni.

"Aayo!" Remigius alimwita mama yake. "Aayo, uko mzima?"

"Mkono," alisema mama. "Mkono tu. Usinivute."

Hakuna aliyeweza kumfikia. Remigius alijaribu kugeuka, akapiga kelele ya maumivu, akatulia.

"Ni Yohana," alisema. "Yule wa gereji. Juzi Alhamisi ndiyo kagusa breki zangu. Juzi tu! Alitaka kumuua mama yangu yule. Nitamfunga. Ngoja." Alikuwa ameshatoa simu mfukoni, anatafuta jina kwa kidole kilichojaa vumbi.

Hyasinta alimjua Yohana. Gereji yake ilikuwa mita hamsini kutoka kibandani kwake. Walikuwa wanapeana moto wa mkaa asubuhi. Aliona jina likitokea kwenye simu. Ilibaki anyamaze tu. Hakuna aliyemuuliza chochote.

"Si Yohana," alisema.

Remigius hakusikia. Simu ilikuwa inaita.

"Kata simu, Remi. Si Yohana, ni mimi. Ni kapeti. Limelala juu ya pedali ya mafuta. Angalia mguuni pako. Sikuweka matundu ya kulabu. Nilijua halishiki."

Sauti ya Yohana ilitoka kwenye simu: "Haloo? Mkuu?" Remigius aliangalia chini. Kisha akakata simu.

"Ulijua lini?" Aliyeuliza alikuwa Mama Selestina, kutoka nyuma, kwa sauti ya chini.

"Tangu kabla, mama. Na leo nililiona likisogea tangu tulipoacha lami."

"Na mimi nilikuwa nimekaa nyuma yako muda wote huo," alisema Mama Selestina.

Watu wa lori walikuja wakikimbia. Ilichukua karibu nusu saa kuwatoa, kwa milango ya upande wa juu, mama kwanza. Muda wote huo Hyasinta alibaki chini kabisa, mgongo kwenye udongo, wa mwisho kutoka. Remigius ndiye aliyelitoa kapeti kwa mkono wake. Alilitandaza kando ya barabara, akalitazama, akachechemea kwenda kukaa na mama yake.

Mkono wa Mama Selestina ulikuwa umevunjika karibu na kiganja. Eva alipata kipaimara akiwa na jirani kama msimamizi. Magari ya kampuni hayakuja Jumatatu, wala siku nyingine.

Hyasinta alikaa kibandani na daftari la wateja, akawapigia simu wote waliochukua makapeti yasiyo na matundu. Kumi na watatu. Wengine walileta makapeti siku hiyo hiyo, wengine walimcheka. Kimaren alisema, "Mimi nililitoa siku ile ile, fundi," akakata. Alibaki mmoja, Moringe wa Soitsambu, ambaye simu yake haikupatikana wiki nzima, kila saa sauti ile ile ya kike ikimwambia ajaribu baadaye. Alijua Moringe huja Karatu siku ya mnada, na kutoka kwao lazima apite Ngorongoro. Siku hiyo alisimama barabarani chini ya geti la hifadhi tangu asubuhi, na saa nne akaliona gari lake, mbuzi nyuma. Aliingia katikati ya barabara na kunyoosha mikono yote miwili.

"Unataka kufa?" Moringe aliuliza.

"Nataka kapeti langu."

"Mbona zuri? Mke wangu amelipenda."

Alimweleza yote, amesimama mlangoni, mbuzi wakilia. Moringe alisikiliza, akashuka. Hyasinta alipiga magoti, akalivuta kapeti, bati la sakafu likabaki wazi.

"Kwa hiyo nikanyage bati?"

"Kanyaga bati."

Moringe alitikisa kichwa, akaondoka zake. Hyasinta alilikunja kapeti na kurudi mjini kwa miguu, kwa sababu tangu siku ile kukaa ndani ya gari lililofungwa vioo kulimfanya atokwe jasho.

Mchana alipita kwa Mama Selestina, kama alivyofanya kila siku tangu mkono uwekwe plasta, kumfulia. Alibisha hodi, akasimama uani. Mama Selestina alitoka, akamwangalia miguu yake iliyojaa vumbi. Hakumkaribisha kiti. Alimwonyesha beseni lilipo, akarudi ndani, na mlango akauacha wazi.