Ngazi Zilizokatwa Vina

Mkuu wa idara ya hesabu, ambaye wanafunzi humwita Mama Rula akiwa mbali tu, alikaa dawati la nyuma, mikono kifuani. Tulikuwa tumekubaliana: darasa langu likimaliza fumbo la pembetatu mraba kabla ya kengele, vipindi vya Ijumaa ni vya mafumbo yangu. Likishindwa, zinarudi karatasi zake za maswali yasiyo na mwisho.

Kila kundi lilipata bahasha ya kadi. Kila kadi ina mchoro wa ngazi iliyoegemezwa ukutani. Pande mbili zina vipimo, wa tatu utafutwe, na jibu ndilo linaloanza kadi inayofuata. Na kwa kuwa mimi sitengenezi kitu kikavu, nilitia yote katika shairi, swali kadi moja na jibu kadi ya pili, kila jozi na kina chake:

Tatu chini, nne juu, ngazi ndefu nitajie.
Tano hiyo, umepata, mbele sasa ukimbie.

Kabla sijamaliza kufuta ubao, mikono ikapaa.

"Tumemaliza, mwalimu!"

Kichwa kikanivimba. Mama Rula akamwendea msichana mmoja mwenye mdomo usio na breki.

"Hii tano umeipataje, mwanangu?"

"Kwa vina, mwalimu. 'Nitajie' inakwenda na 'ukimbie'. Hesabu za nini tena?"

"Eee!" darasa likaitikia. Hakuna aliyegusa penseli.

"Mshairi," Mama Rula akaninong'oneza, "umewapa kufuli na ufunguo wake."

Nilitaka kubisha. Vina vile vilininyima usingizi! Lakini kengele haimngoji mtu. Nikatoa bahasha za akiba, zenye vipimo vingine, nikashika mkasi, nikakata mwisho wa kila mstari. Kila kipande kilichoanguka kilinikata maini.

"Haya. Sasa pigeni hesabu."

Vichwa vikainama. Kisha penseli zikaanza kukwaruza.

"Unajumlisha nini wewe? Ngazi unayo tayari, toa!"

"Toa wewe, mimi natafuta kipeuo!"

Kadi ya mwisho ilipokaa mahali pake, yule msichana akasimama kusoma, akijaza mapengo mwenyewe:

"Sita chini, nane juu, ngazi ndefu nitajie.
Kumi hiyo, umepata, Mama Rula tuachie!"

Akaziba mdomo. Darasa likaganda.

Mama Rula akaichukua kadi. "Thelathini na sita, sitini na nne… mia. Kumi. Sawa." Kisha akacheka mpaka miwani ikateremka puani, na kengele ikalia juu ya kicheko chake.

"Ijumaa nimewaachia," akasema. "Na wewe mshairi, kina cha msichana huyu kimekushinda."

"Kwa leo tu," nikajibu, nikiokota vipande vyangu sakafuni.