Maji Yaliyofuata Kokoto

Saa moja asubuhi Mama Beleshi, mtunza mabwawa ya majitaka, alikuwa akizoa majani kwenye mdomo wa bomba alipoona maji machafu ya kijiji kizima yakipanda mwinuko. Yalipanda polepole, upana wa mkeka, yakalikwepa banda la mbuzi, yakaingia kwa mwenyekiti wa kijiji kwa kupitia chini ya geti. Akaegemeza beleshi lake ukutani, akayafuata.

Alijua yanakokwenda. Mabwawa yalipochimbwa, lile la mwisho lilikuwa lijazwe kokoto za kuchuja maji kabla hayajaingia mtoni. Kokoto zilikuja, malori mawili. Zikalala pale siku tatu, ya nne zikaonekana zimetandazwa uani kwa mwenyekiti, gari lake lisikanyage tope. Tangu hapo majitaka yalikuwa yakienda mtoni kama yalivyo, na watu wa bondeni wakiyanywa. Mdogo wake Mama Beleshi aliolewa huko. Alikwishazika mtoto mmoja kwa kuhara, na wa pili alikuwa hoi kitandani.

Uani, maji yalizama kwenye kokoto, yakatokea upande wa pili maangavu, yakateremka mtoni. Mwenyekiti alikuwa barazani anapiga mswaki.

"Yameanza lini haya?"

"Leo, mheshimiwa. Yamefuata kokoto zake."

"Basi yasiguse gari."

Kwa wiki mbili hakuna aliyehara bondeni. Mtoto wa mdogo wake akaamka, akaomba uji, akafukuza kuku uani mpaka akachapwa. Siku hiyo Mama Beleshi alikuwepo, akacheka hadi mbavu zikamuuma.

Wiki ya tatu mwenyekiti alijenga tangi la saruji pale maji yalipotokea, akalitia kufuli.

"Yamekuja kwangu yenyewe," aliwaambia watu mkutanoni. "Kuna aliyenisikia nikiyaita?"

Hakuna aliyemsikia, kwa hiyo mkutano ukaendelea na mambo mengine. Maji nayo yakaendelea kupanda kila asubuhi. Tope zito, lililoshindwa mwinuko, lilibaki bwawani, na bwawa lilipojaa likafurika kuelekea mtoni.

Bwana afya akaja na vichupa vyake. Akapima maji ya tangini, akaandika kwamba hajapata kuona kijiji kinachosafisha majitaka vizuri namna ile.

"Na ya mtoni hupimi?" Mama Beleshi alimuuliza.

"Fomu ina nafasi moja tu, mama."

Jumatatu mdogo wake alipiga simu. "Dada, ameanza tena."

Mama Beleshi alichukua ndoo, akapanda kwa mwenyekiti. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, na yalikuwa makali. Lakini mwenyekiti alimpokea vizuri, akasikia habari ya mtoto mgonjwa, akafungua kufuli kwa mkono wake, akamjazia ndoo mpaka pomoni.

"Mtoto ni mtoto," alisema. "Uwe unakuja kila siku. Ndoo moja. Ila usiwatangazie wenzako."

Neno lililomtoka Mama Beleshi lilitoka laini, tena kwa kupiga goti kidogo.

"Asante sana, mheshimiwa."

Akajitwika ndoo, akashika njia ya bondeni. Nje ya geti alikutana na maji ya kijiji yakipanda. Njia ilikuwa nyembamba. Akasogea pembeni, akayapisha.