Siku Ndungu Alipovuka Ziwa Mara Tatu

Tangu warudi Kimumu, Gathogo aliongea vizuri tu. Aliongea na mafundi waliompigia mabati mapya, akaongea na ng'ombe, akabishana na mkewe Wamucii, mama wa mtoto wao Waiyego, kuhusu mahali pa kujenga choo. Kitu kimoja tu hakukigusa. Hakuzungumzia feri.

Mgeni asingejua kwamba kuna kilichopungua. Lakini majirani walijua. Kabla ya vita vya uchaguzi, Gathogo na mdogo wake Ndungu walikuwa wafanyabiashara wa viazi. Walinunua huku juu kwenye baridi, wakavipeleka kwa lori mpaka Luanda Kotieno, kisha wakavuka ziwa kwa feri hadi Mbita. Alasiri upepo ukiamka, ziwa lile halimheshimu mtu. Ndugu hao walilivuka likiwa limetulia, wakalivuka likiwa limekasirika, na kila walipopigwa na mawimbi walirudi Kimumu na hadithi. Jumapili sebule ya Wamucii ilijaa watu. Gathogo aliigiza mawimbi, kwa mwili mzima, mpaka wasikilizaji walishika viti. Ndungu aliigiza watu: kondakta, nahodha, wauza samaki, na zaidi ya wote yeye mwenyewe.

Januari ya mwaka elfu mbili na nane, Ndungu aliuawa barabarani akirudi nyumbani. Walimzika haraka, mbali na kwao, watu wachache, na pale kaburini hakuna aliyesema neno kwa sababu kila mtu alikuwa akiangalia jua lisije likatua wakiwa njiani. Halafu ikawa hema la wakimbizi kwenye uwanja wa maonyesho, miezi na miezi. Waliporudi mwaka uliofuata, walimkuta jirani yao Kigen amewatunzia ng'ombe, naye ng'ombe alikuwa amenona kuliko walivyomwacha. Gathogo alishukuru, akachukua jembe, akalima. Jina la mdogo wake hakulitaja tena. Wamucii alimwona akigeuza kichwa hata mtu akisema tu "Mbita," na usiku alijiuliza kama mtu anaweza kuzikwa mara mbili, mara ya pili na wanaompenda.

Jumapili moja Kigen na mkewe Jemutai walikuja na kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya kugandisha. Kabla hawajamaliza kikombe cha kwanza, mawe ya mvua yakaanza kupiga mabati kama watu wanaomwaga mahindi kutoka juu. Ng'ombe akakimbilia bandani. Hakuna wa kutoka. Wamucii akaleta beseni la minji, njegere mbichi za shambani, wote wanne wakaketi kuzunguka beseni, wakiambua.

"Siku kama hii ndiyo ile feri yenu..." Jemutai akaanza, kisha akauma mdomo.

Gathogo hakuinua macho. Wamucii alimtazama akiambua ganda moja, la pili, la tatu. Akajiambia, leo au basi tena.

"Ngoja niwasimulie mimi," akasema. "Siku hiyo bahari ilikuwa imechafuka vibaya."

"Bahari?" Kigen akauliza.

"Bahari ya Mbita."

Gathogo akaendelea kuambua.

"Walikuwa na magunia ya viazi. Yale mafupi, yameshonwa juu vizuri, kama ya mahindi."

Kidole gumba cha Gathogo kikasimama. Uasin Gishu nzima inajua kwamba mfanyabiashara wa viazi habebi gunia fupi. Anabeba lumbesa, gunia lililoongezwa kofia ya wavu na kamba mpaka linapita kimo cha mtu, na wa kulifunga sawasawa ni wa kutafutwa. Ndungu alikuwa akitafutwa mpaka Timboroa.

Kigen alimtazama Wamucii, akamtazama Gathogo, akaelewa. "Mafupi ndiyo mazuri," akasema kwa sauti ya mtu anayetoa ushauri. "Na hiyo feri, mimi nilisikia ilikuwa mtumbwi tu."

"Wa makasia," Jemutai akaongeza.

Gathogo akakohoa.

"Ndani kulikuwa na Akello, yule mama wa samaki," Wamucii akaendelea. "Mama mpole, hasemi kitu. Dhoruba ilipokuja alikuwa amelala usingizi."

"Alikuwa amechoka," Kigen akasema kwa huruma.

Gathogo alipumua kwa pua, kwa nguvu. Wamucii akaona uongo unamwishia. Kulikuwa na mmoja tu uliobaki, na huo aliuogopa. Akafuta mikono kwenye leso.

"Basi Baba Waiyego akaingiwa na hofu. Akachukua kamba ya magunia, akajifunga kwenye chuma cha feri, kiunoni, kifuani, miguuni..."

"Nani?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Si ndiyo. Wewe."

Gathogo akatupa ganda ndani ya beseni, minji ikaruka. "Mama Waiyego, wacha uongo, na leo ni Jumapili! Mimi nilijifunga saa ngapi? Mimi nilikuwa natapika! Aliyejifunga ni Ndungu!"

Jina lilikaa pale katikati yao. Mawe yaliendelea kupiga mabati. Gathogo alishangaa kama mtu aliyeangusha kikombe kisha akakiona hakijavunjika.

"Sasa mimi nitajuaje," Wamucii akasema polepole, "kama mwenyewe husemi?"

"Ati bahari!" Gathogo akamgeukia Kigen. "Ati magunia mafupi! Na wewe, mzee mzima, unakubali?"

"Mimi sijawahi kupanda feri," Kigen akajibu. "Nitabishana na nini?"

"Lilikuwa ziwa! Na zilikuwa lumbesa!" Gathogo tayari amesogeza kiti nyuma. "Wimbi la kwanza likatuinua hivi. La pili likatuachilia. Lumbesa ya mbele ikaegemea ya pili, ya pili ikaegemea ya tatu, ya tatu ikaanguka, wavu ukapasuka, viazi vyote nje! Feri ikilala kushoto, viazi vinakimbia kushoto na watu nyuma yavyo. Ikilala kulia, viazi vinawafukuza watu! Na Akello, ati amelala? Akello amesimama juu ya sanduku la samaki anatutukana: 'Nyinyi watu wa milimani! Ziwa limeshindwa kutuua, mnatumalizia na viazi!' Na huku anatukana, amekunja sketi, anaokota vyetu!"

Jemutai alikuwa ameshika tumbo.

"Ndungu akasema yeye hafi kwa sababu ya viazi. Akajifunga. Tukafika Mbita, upepo ukakata, jua hilo. Watu wakashuka. Magari yakashuka. Ndungu hashuki. Fundo amelipiga la lumbesa, na limelowa. Kondakta akaja na kisu..."

Hapa ndipo Ndungu alipokuwa akiinuka kila mara na kumsukuma kaka yake pembeni.

Hakuna aliyemsaidia. Wamucii alishika ganda moja la minji bila kuliambua.

Gathogo akasimama. Akabana mikono mbavuni, akatoa kifua, akainua kidevu. Sauti iliyomtoka ilikuwa nyembamba, ya haraka, ya puani.

"Usiguse! Wewe, usiguse! Kamba ya Ndungu haikatwi! Nilifunga mwenyewe, nitafungua mwenyewe! Nipe dakika mbili!"

Kigen alipiga paja. "Ndiye! Ndiye yeye!"

"'Feri inarudi, bwana!' 'Irudi! Nimekuzuia?'" Gathogo alicheka katikati ya sauti ya ndugu yake. "Ikarudi naye! Mimi nimesimama ufukoni, namwona ndugu yangu anaenda Luanda, amefungwa kama kuku wa Krismasi. Mikono haiinuki. Ananipungia vidole. Vidole tu!"

Akaonyesha vidole vikipunga pajani, na Kigen akaanguka kutoka kwenye kigoda. Jemutai alilia kwa kicheko. Wamucii pia, na alipofuta macho alimwona mumewe bado akipunga vile vidole, taratibu, machozi yakimtiririka mpaka kwenye ndevu, mdomo ukiendelea kucheka. Akamshika mkono mwingine. Gathogo hakuutoa.

"Na akarudi?" Jemutai akauliza, kama alivyouliza kila Jumapili miaka yote ile, na jibu alilijua.

"Akarudi," Gathogo akasema. Akapenga kamasi. "Jioni. Fundo lilimkubali katikati ya ziwa. Alishuka amekunja kamba yake begani, haijakatwa hata mahali pamoja. Watu wa Mbita wakampigia makofi. Mimi nikamkimbilia. Unajua aliniambia nini?"

Akasimama tena wima, kifua mbele, akamtazama Kigen aliyekuwa bado sakafuni, na ile sauti ya puani ikajaza nyumba.

"'Unaniangalia nini? Beba gunia!'"

Kigen, huku akicheka, akainuka kweli.