Keki ya Baba

Binti alikuwa mwokaji, ameoka keki za harusi za watu mpaka mikono ikazoea yenyewe. Lakini keki ya wazazi wake, waliokuwa wakitimiza miaka hamsini ya ndoa, ilimnyima raha. Baba yake, fundi cherehani mstaafu, alikuwa na kisukari. Miaka mitatu sasa, kila sherehe alikaa pembeni na glasi yake ya maji, akitania, "Mimi sindano nilizozoea ni za kushonea."

Safari hii binti akaapa: baba atakula keki.

Akasaga vile vidonge ambavyo baba alitia kwenye chai badala ya sukari, akavichanganya na unga na mayai, akaoka. Kilichotoka kwenye oveni kilikuwa bapa kama kandambili, na utamu haupo. Baba akatafuna kidogo, akakigeuzageuza kipande. "Mwanangu, hii ukiipigilia misumari, kiatu tayari."

Wakacheka mpaka mama akaja kuuliza kulikoni.

Kesho yake alimsindikiza baba kliniki, akamweleza mtaalamu wa lishe masaibu yake.

"Aina hiyo joto huua utamu wake," mtaalamu akamwambia. "Tafuta ya ungaunga, iliyoandikwa kuwa inafaa kuokea. Tena sukari ndiyo huijaza keki. Ukiitoa, tafuta cha kushika nafasi yake. Na unga wa ngano nao hupandisha sukari mwilini, kwa hiyo kipande kiwe kidogo."

Binti akapiga mayai mpaka yakafanya povu jeupe, akatia utamu wa ungaunga, akaongeza mtindi na lozi za kusaga, akapunguza ngano. Mara ya tatu keki ikaumuka, ikapendeza.

Siku ya sherehe alipanga keki mbili mezani, ya kawaida na ya baba. Mama akamlisha mumewe kipande kiduchu. Mzee akafumba macho.

"Mke wangu," akasema polepole, "hata siku ya harusi sikula keki tamu hivi."

"Siku ya harusi ulikuwa unatetemeka, ungejuaje?"

Vigelegele vikalipuka. Shangazi akaonja, wifi akaonja, majirani wakapanga foleni. Binti alipogeuka, keki ya baba ilikuwa imekwisha. Ile ya sukari haijaguswa.

Saa mbili baadaye baba akajitoboa kidole, akapima, akakiinua kipimo juu kama kombe. "Sukari iko sawa! Nani ana kipande cha pili?"

"Wamemaliza, baba," binti akasema, machozi ya furaha yakimlengalenga.

Mzee akamshika mama mkono, wakaanza kucheza taratibu katikati ya viti. Binti akavua aproni, akawafuata.