Vyeti vya Eveline

Edmund alikuwa kitaluni kwake Kihesa, pale Iringa, akibebesha miche ya parachichi, yaani kuunga vikonyo vya aina bora kwenye miche ya kienyeji, Eveline alipopiga simu kutoka China. Alishtuka kidogo, maana saa hizo mkewe huwa darasani.

Mwaka ulikuwa unakaribia kutimia tangu aondoke. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja ya binafsi, shule ikapunguza walimu, naye akapata ufadhili wa kwenda kujifunza Kichina. Edmund akabaki na mtoto wao Tekla, wa miaka minne. Alijifunza kumsuka, kwanza vibaya, baadaye afadhali. Siku zilizobaki kabla hajarudi walikuwa wakizifuta pamoja kwenye kalenda ya kanisa. Asubuhi hiyo zilikuwa hamsini na moja.

Eveline alisema chuo anachosoma kimemwomba afundishe Kiswahili, mkataba wa miaka miwili. Shida ilikuwa viza. Mwanafunzi haruhusiwi kuajiriwa. Hata kazi ya saa chache kwa wiki inataka ruhusa ya chuo na ya uhamiaji. Ili apate kibali cha kazi, shahada yake ilitakiwa kuthibitishwa nyumbani, na ipatikane hati ya polisi kwamba hana kosa lolote.

"Na cheti chetu cha ndoa," aliongeza, "kama haitakuwa taabu."

"Cha nini?"

"Nitakueleza kazi ikishakuwa ya uhakika."

Edmund alisema sawa. Akaurudia mche wake, akaufunga nailoni, akaifungua, akaifunga tena. Alikuwa ametumwa kubeba kwa mikono yake karatasi za kumzuia mkewe asirudi. Alijua kwamba angeweza kuchelewa tu. Wiki chache za kuzungushazungusha, viza ya Eveline ingeisha, naye angepanda ndege, na hakuna ambaye angemlaumu mtu yeyote. Wazo hilo alikaa nalo siku tatu. Siku ya nne alipiga pasi shati, akamchukua Tekla, wakapanda basi la Mbeya, kwa kuwa shahada ilikuwa Uyole kwa mama mkwe wake, Rozalia.

Chimala basi liliposimama, Tekla alichungulia dirishani akauliza kama mama yuko hapo.

"Hapana. Tunamfuatia karatasi zake."

"Ili aje?"

Edmund alinunua yai la kuchemsha, akalimenya polepole. "Ili afanye kazi," alisema.

Rozalia aliwapokea kwa chai ya maziwa na magimbi. Walipokwisha kula aliingia chumbani akatoka na shahada, imefungwa ndani ya kitenge kipya, lakini hakuitoa mkononi.

"Baba Tekla, unajua ukiipeleka hii anabaki huko?"

"Najua, mama."

"Na unaipeleka."

"Aliisomea miaka mitatu, mama. Haikuwa ya kukaa sandukuni."

Yule mama alimwekea shahada mapajani. Kisha akamweleza kile ambacho binti yake alishindwa kukisema: mwenye kibali cha kazi anaweza kufuatwa na mwenzi wake na mtoto kwa viza ya familia, na ndiyo sababu ya cheti cha ndoa. Ila mtu wa viza hiyo haruhusiwi kufanya kazi, hata ya siku moja.

"Anaogopa kukuomba," Rozalia alisema. "Anasema ukiombwa utakubali, halafu utakaa ghorofani huna hata mche wa kumwagilia. Hataki akufanyie hivyo."

Edmund alitazama mikono yake, udongo wa kitaluni ungali kwenye kucha. Miezi yote ile alikuwa akidhani Eveline anazoea kuishi bila yeye.

Akaomba ruhusa, akatoka uani kupiga simu. Alimwambia mkewe kwamba mama ameshasema kila kitu.

"Sitaki ukae bure, Edmund."

"Kukaa bure nitaweza. Kukaa bila wewe ndiko kumenishinda."

Eveline alilia, naye hakumharakisha. Alisimama vile vile, simu sikioni, mpaka Tekla akatoka nje kumtafuta.

Wakapatana kwamba Tekla akaishi na mama yake, na Edmund awe anakwenda miche ikishauzwa, arudi msimu wa kubebesha ukifika. Kitalu angekiangalia rafiki yake Anord. Edmund akaenda Dodoma, akaenda Dar es Salaam kuthibitisha karatasi, na ofisi moja alirudi mara mbili kwa sahihi iliyosahaulika. Kibali kilitoka wiki moja kabla viza ya Eveline haijaisha.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, miche yote ikiwa imeuzwa kwa ajili ya mvua, Edmund na mwanawe walitua China. Kulikuwa na baridi ambayo hata Iringa mwezi wa saba haiijui. Eveline alikuwa akiwangoja kwenye mlango wa kutokea abiria na koti dogo jekundu mkononi. Tekla alipomwona alijificha nyuma ya mguu wa baba yake.

Eveline hakumvuta. Alichuchumaa pale pale sakafuni, akakaa hivyo mpaka abiria wote wa ndege ile wakapita.

"Wewe ndiye mama wa kwenye simu?" Tekla aliuliza hatimaye.

"Ndiye mimi."

Mtoto alimtazama usoni kwa muda, kisha akatoa mkono mmoja ili avalishwe koti.