Usiku wa Mchana Kweupe

Katika karakana ile ya kutengeneza makochi, usiku uliingia kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Wifi yake Sindano, binti wa nyumba ile na msimamizi wa mchezo, alishusha mapazia, akafunga mlango wa barabarani, akatangaza kwa sauti ya kubembelezea mtoto kwamba kijiji kimelala. Basi watu wazima na akili zao, wamekaa kwenye makochi ya wateja yaliyopasuliwa matumbo, sponji huku na springi kule, wakafumba macho na kuanza kuvuma kama nyuki.

Mchezo wenyewe ni mwepesi. Kila mtu anachukua kifungo kimoja kutoka kwenye mfuko, vile vifungo vya kochi vinavyovikwa kitambaa. Wenye vyekundu ni fisi, wenye vyeupe ni wanakijiji. Usiku fisi wanafumbua macho na kumchagua wa kumla. Asubuhi kijiji kizima kinabishana, kinashuku, kinasingizia, mwisho kinamfukuza mtu kwa kura. Aliyeliwa au kufukuzwa ni marehemu: anahamia benchi la ukutani, anakaa macho wazi, haruhusiwi kusema neno. Kuvuma lilikuwa jambo la nyumba hii peke yake. Kwenye makochi mabovu springi hulia, fisi akijisogeza kidogo tu ameumbuka, kwa hiyo wote huvuma ili kufunika milio. Ukitaka kucheza kwa amani kwa mafundi makochi, lazima uvume.

Sindano alikuwa bado anajifunza. Jina hilo alipewa na mumewe kwa ajili ya ulimi wake, na mumewe alikuwa mtoto wa pili wa nyumba ile. Nasema alikuwa, maana alifariki mvua zilizopita. Alipokuwa hai alimbembeleza kila Jumapili aje acheze, naye alikataa, akisema ana mito ya kushona na hana muda wa michezo ya watoto. Sasa muda alikuwa nao, tena wa kumwaga. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alikuwa akilala naye kitanda kimoja.

Mwanzoni alijiona hodari. Wiki nenda wiki rudi, fisi hawakumla, kijiji hakikumshuku, na alibaki hai mpaka mwisho wa kila mchezo. Kumbe! Siku moja akiwa uani anaanika vitambaa, alimsikia shemeji yake akimwonya fundi mpya kwamba yule dada asitajwe mchezoni, aachwe tu, ana yake. Hapo ndipo alipoanza kuona mengine. Aliona kwamba kiti laini ni chake siku zote, kwamba akiingia jikoni vicheko vinakatika, kwamba akikosea kukata kitambaa hakuna anayenung'unika. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyumba hii ilimnyima jembe, na mkasi ikataka kumpokonya.

Kaka yake alikuwa amempigia simu: chumba kipo, rudi nyumbani. Alikuwa amemwahidi jibu jioni ya Jumapili hiyo, na Mama mkwe alijua. Sindano hakutaka kwenda. Aliipenda harufu ya gundi na vitambaa vipya, aliwapenda watu wale, na mumewe alikuwa bado kila mahali humo ndani. Lakini kuishi ukibebwa kama yai kunachosha. Kama ni hivyo, heri akakae kwa kaka yake, ambako angalau angegombezwa.

Siku zote Mama mkwe ndiye aliyegawa vifungo, na siku zote Sindano alipata cheupe. Jumapili hii alitia mkono mfukoni mwenyewe, kabla Mama hajawahi kumchagulia. Kilitoka chekundu. Akakificha kiganjani, akajibanza pembeni mwa Mama kwenye kochi lao la watu wawili, akafumba macho.

Kizuizi kati ya yaliyo moyoni mwake na yaliyo nje kikayeyuka, kama kila mara. Mvumo ulimzunguka, chumba kikawa kipana, makochi yakawa kama yanaelea polepole na kila mtu juu ya lake. Wimbo waliouvuma aliuanzisha mumewe, na katikati ya sauti zile kulikuwa na pengo, sauti nene iliyokosekana. Kila Jumapili Sindano aliliendea pengo hilo gizani. Akitulia vya kutosha, mumewe alikuwa pale, upande wa kushoto, amejizuia kucheka. Alitamani asifumbue macho tena.

"Fisi, amkeni," wifi alisema.

Akaamka. Mbele yake shemeji naye alikuwa macho; fisi mwenzake ndiye huyo. Kwa nyusi tu alimwonyesha jirani, mshona mapazia. Sindano akakubali kwa kichwa, wakafumba tena. Hakuna springi iliyolia. Alijipongeza.

Asubuhi ikatangazwa, mshona mapazia akaenda zake benchini. Watu walikuwa wanatazama dari. Mke wa shemeji akamshuku fundi mpya eti ameshika kikombe vibaya. Fundi akajitetea kwa uvivu. Shemeji, bila haya, akasema labda ni yeye mwenyewe, mtu hajijui. Hapo Sindano akaelewa. Katika kuwaza nani aliwe, alikuwa amesahau kuvuma. Wote walisikia sauti yake ikikatika pale fisi walipoitwa, na wote walikuwa wanaizunguka kama shimo barabarani. Hasira zikampanda mpaka masikio yakawaka moto.

"Nilinyamaza," alisema. "Mmesikia wote. Kwa nini hamnitaji?"

Mama mkwe akaweka kikombe chake chini, akageuka na kumtazama usoni.

"Fisi ni huyu," alisema. "Tena fisi mbovu. Tangu nizaliwe sijaona fisi anayeshindwa hata kuvuma."

Kicheko kilianza kwa woga, kikakua. Mikono ikapanda yote, ukiwemo wa shemeji, aliyemsaliti mwenzake mchana kweupe huku akihubiri kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Sindano alifukuzwa kijijini kwa kura zote. Furaha aliyoisikia hakuwa ameisikia tangu msiba utokee.

Alikwenda kukaa benchini, karibu na mshona mapazia, akiwatazama wengine. Wifi akalaza kijiji. Macho yakafumbwa, mvumo ukaanza, na marehemu mpya, kwa mara ya kwanza, akauona usiku.

Mama mkwe alikuwa analia. Yule aliyekuwa na mzaha kwa kila mteja, ambaye kila mara ndiye aliyeomba wacheze tena kidogo, alikuwa amefumba macho na kuvuma kuliko wote, na machozi yanamtiririka mpaka shingoni bila kuyafuta. Sindano akamgeukia mshona mapazia. Yule mama akatikisa kichwa taratibu, akazungusha kidole hewani kumwonyesha kwamba ni hivi hivi, kila Jumapili.

Basi wote walijua. Kila aliyewahi kuliwa, kila aliyewahi kufukuzwa, alikaa kwenye benchi lile akaona. Ni yeye tu aliyekuwa hajui, kwa kuwa walimhurumia mno hata wasimwache afe. Miezi yote alidhani Mama ameshapoa, na moyoni alikuwa amemlaumu kwa hilo. Aliona aibu, na aliumia.

Akavua viatu, akavuka chumba, akakaa mahali pake. Springi ikalia kwa nguvu. Hakuna aliyefumbua macho. Akaushika mkono wa Mama, akaanza kuvuma.

"Marehemu hawaruhusiwi huku," Mama alinong'ona, macho amefumba.

"Najua."

"Kaka yako anangoja jibu."

"Nitamwambia nina kazi huku."

Vidole vya Mama vilikaza, vidole vigumu vya kuvuta kamba za kochi, vikaumiza kidogo. Wifi alikuwa amesimama katikati ya chumba, naye aliwaona. Ilikuwa zamu ya kumwamsha fisi aliyebaki, kisha kutangaza asubuhi. Badala yake akakaa chini, akafumba macho yake, akavuma na wengine.